Gharama ya Kuishi Pamoja: Njia Nne za Kumfuata Mwenza Uingereza

Mke yuko Mwanza au Mombasa, mume anaendesha basi Birmingham. Au mume yuko Nairobi na mke ni muuguzi Leicester. Wakiamua kuishi nyumba moja, swali la kwanza huwa ni hili: viza ni shilingi ngapi? Jibu linapatikana haraka, nalo ndilo linalowaponza wengi. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, ada ya maombi ya viza ya ndoa ilikuwa paundi 1,938, lakini ukijumlisha ada za serikali peke yake, tangu maombi ya kwanza hadi ukaazi wa kudumu, unafika paundi 11,980.50. Hizo ni takriban shilingi milioni 2 za Kenya, au milioni 40 za Tanzania, kabla hujakata tiketi ya ndege wala kulipa kodi ya nyumba.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tufungue daftari. Viwango nitakavyotumia kote ni hivyo vya Aprili 2025. Ada hizi hupandishwa mara kwa mara, na Aprili ndio mwezi wa kuangaliwa zaidi, kwa hiyo tazama tovuti ya serikali ya Uingereza wiki ile ile unayolipa.

Muda wa viza na muda wa kukaa

Kabla ya bei, elewa tarehe. Viza inaweza kuwa hai kwa miaka mingi huku ruhusa ya kukaa ikiwa ya miezi michache. Mfano mzuri ni viza ya matembezi. Ile ya miezi 6 ni paundi 127, ya miaka 2 ni 475, ya miaka 5 ni 848, na ya miaka 10 ni 1,059. Hata ukinunua hiyo ya miaka 10, kila ukiingia unaruhusiwa kukaa miezi 6 tu. Muda wa viza unakwambia mpaka lini unaweza kugonga mlango. Muda wa kukaa unakwambia lini lazima uwe umetoka.

Kwa mwenza wa ndoa aliyeomba akiwa nje ya Uingereza, ruhusa ya kwanza ni miezi 33. Akiongezewa akiwa ndani, anapewa miezi 30. Ukaazi wa kudumu unaombwa baada ya miaka 5, na maombi yanaruhusiwa kuanzia siku 28 kabla ya miaka hiyo kutimia. Shika namba hizo tatu, 33, 30 na 60, maana zitarudi kwenye mfuko wako baadaye.

Kadi za plastiki za ukaazi zilifikia mwisho tarehe 31 Desemba 2024. Sasa ruhusa yako inaishi mtandaoni, kwenye akaunti ya uhamiaji iliyofungwa kwenye pasipoti yako. Ukibadilisha pasipoti, ingia kwenye akaunti uisajili mpya. Siku ile ile unayopewa viza, fungua akaunti, soma tarehe ya mwisho, iandike mahali ninyi wawili mtaiona. Kama tarehe au jina lina kosa, omba lirekebishwe mapema.

Njia ya kwanza: viza ya matembezi

Kwa paundi 127 hii ndiyo rahisi kuliko zote, na kwa kazi yake inafaa sana: kwenda kufahamiana na wakwe, kukaa na mwenzako wakati wa likizo, kuona mtaa na baridi yake kabla ya kuhama. Hairuhusu kazi. Hairuhusu kugeuzwa kuwa viza ya ndoa ukiwa ndani ya nchi. Wala haikubali mtu aingie na kutoka mfululizo hadi Uingereza iwe ndiyo makazi yake. Ofisa wa mpakani ana mamlaka ya kukuzuia.

Kwa viza hii ya kawaida huruhusiwi hata kufunga ndoa. Ipo viza nyingine ya wageni wanaokwenda kuoana, nayo pia ni paundi 127. Unaingia, mnaoana, unatoka ndani ya miezi 6, kisha unaomba viza ya ndoa ukiwa nyumbani.

Njia ya pili: viza ya mchumba

Ada ni paundi 1,938, sawasawa na ya ndoa. Unaingia kwa miezi 6, na ndani ya muda huo lazima ndoa ifungwe. Ofisi ya msajili inahitaji mtoe taarifa ya ndoa baada ya kuishi kwenye wilaya yake angalau siku 7, kisha msubiri siku 28. Kwa hiyo miezi 6 inatosha, ila haina nafasi ya uvivu.

Tatizo la njia hii liko kwenye mambo mawili. Mchumba haruhusiwi kufanya kazi hata siku moja. Halafu miezi hiyo haihesabiwi katika miaka 5 ya kuelekea ukaazi wa kudumu. Baada ya harusi unaomba upya ukiwa ndani: ada paundi 1,321 pamoja na tozo ya afya, yaani malipo ya mbele ya huduma za afya za umma, paundi 2,587.50. Baada ya miezi 30 unarudia malipo hayo hayo, kisha unalipa ukaazi wa kudumu paundi 3,029. Jumla: paundi 12,784.

Njia ya tatu: viza ya ndoa, au ya wenza wasiooana

Hapa mnaoana kwanza, popote, kisha mwenza anaomba akiwa kwao. Wasiooana nao wanakubaliwa wakithibitisha kwamba uhusiano wao umekuwa kama wa ndoa kwa angalau miaka 2. Malipo ya kwanza ni ada ya 1,938 na tozo ya afya 3,105, maana tozo ni paundi 1,035 kwa mwaka na miezi 33 inatozwa kama miaka 3. Malipo ya pili, ya nyongeza, ni 1,321 na 2,587.50. Mwisho ni 3,029. Ndipo tunapata 11,980.50.

Ukilinganisha, viza ya ndoa inaokoa paundi 803.50 mbele ya viza ya mchumba, na mwenza anaruhusiwa kufanya kazi yoyote tangu siku anayotua. Hata wale wanaotamani sana harusi ifungwe Uingereza, wakitumia viza ya wageni wanaokwenda kuoana na kisha wakaomba ya ndoa, jumla yao inakuwa 12,107.50, bado chini ya njia ya mchumba, ingawa tiketi ya kurudi nyumbani inaweza kula akiba hiyo. Kwa maoni yangu, viza ya mchumba inafaa pale tu ambapo kuna sababu nzito ya kufungia ndoa kule na mwenza hawezi kurudi nyumbani kusubiri.

Njia ya nne: mtegemezi wa mfanyakazi mwenye ujuzi

Kama mwenzako bado hana uraia wala ukaazi wa kudumu, na yuko Uingereza kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, wewe unaomba kama mtegemezi wake. Kwa viza inayozidi miaka 3 ada ni paundi 1,519 kwa kila mtu, na tozo ya afya kwa miaka 5 ni 5,175. Ukiongeza 3,029 za ukaazi wa kudumu unapata 9,723. Tena kipimo kizito cha mshahara ambacho tutakiona hivi punde hakikuhusu. Kwa kawaida mnaonyesha paundi 285 za kumtunza mwenza. Waajiri wengine hulipia na familia, kwa hiyo mwenzako aulize kabla ya kusaini mkataba.

Njia hii ina milango iliyofungwa, na ni vizuri kuijua kabla ya kuuza kiwanja. Wahudumu wa wazee na wagonjwa hawaruhusiwi kuleta mwenza kwa maombi mapya tangu tarehe 11 Machi 2024, na kuajiri wapya wa kada hiyo kutoka nje kulisitishwa tarehe 22 Julai 2025. Wanafunzi wa shahada ya uzamili ya kawaida, waliosoma kozi zilizoanza Januari 2024 na kuendelea, nao hawaleti mwenza. Wanaoruhusiwa ni wale wa uzamivu na wa utafiti, pamoja na wanaofadhiliwa na serikali. Zaidi ya hayo, Mei 2025 serikali ilitangaza nia ya kuusogeza ukaazi wa kudumu wa wafanyakazi kutoka miaka 5 hadi 10, huku wenza wa raia wa Uingereza wakiachwa kwenye miaka 5. Miaka 5 ya ziada ni tozo ya afya ya paundi 5,175 nyingine kwa viwango hivi, mbali na ada. Kwa hiyo hii 9,723 ihesabu kama bei ya Aprili 2025 ambayo inaweza kubadilika.

Katika njia zote za kuhamia weka pembeni pia fedha za mtihani wa Kiingereza, kipimo cha kifua kikuu, tafsiri za hati, na paundi 50 za mtihani wa maisha ya Uingereza mwishoni. Mtoto anayeandamana na mzazi kwenye njia ya ndoa hulipa ada kamili ya maombi, na tozo yake ya afya ni paundi 776 kwa mwaka.

Kipimo cha mshahara

Kwa mchumba na kwa ndoa, mdhamini aliye Uingereza lazima awe na kipato cha paundi 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Kiwango hiki kilianza tarehe 11 Aprili 2024, baada ya miaka karibu 12 ya kiwango cha 18,600. Aliyeingia kwenye njia hii kabla ya tarehe hiyo, akiendelea na mwenza yule yule, anabaki kwenye kiwango cha zamani.

Tuone maana yake kwa mtu wa kima cha chini. Kuanzia Aprili 2025 kima hicho kilikuwa paundi 12.21 kwa saa. Saa 37.5 kwa wiki, mwaka mzima, zinaleta takriban paundi 23,810. Pengo linazidi 5,000. Ili afike 29,000 atahitaji karibu saa 46 kwa wiki, kila wiki. Kazi ya pili inahesabika, mradi ithibitishwe kwa slipu za mshahara na taarifa za benki. Kwa aliyekaa na mwajiri yule yule miezi 6 au zaidi, vielelezo vya miezi 6 vinatosha.

Akiba inaweza kuziba pengo. Kanuni yake: paundi 16,000 za mwanzo hazihesabiwi, na kila paundi inayopungua kwenye mshahara inahitaji paundi 2.50 za akiba juu ya hizo. Dereva anayepata 27,500 amepungukiwa 1,500. Anahitaji akiba ya 19,750. Asiye na kipato kabisa anahitaji 88,500. Fedha hizo ziwe zimekaa mikononi mwenu miezi 6, na zinaweza kuwa za mmoja wenu au za wote wawili. Mdhamini anayepokea baadhi ya posho za ulemavu au ya kumtunza mlemavu hapimwi kwa 29,000. Anapimwa kwa uwezo wa kawaida wa kumudu maisha.

Jambo linalowaumiza wengi ni hili: mshahara wa mwombaji aliyeko Dar es Salaam au Nairobi hauhesabiki, hata awe daktari bingwa. Kinachohesabika kutoka kwake ni akiba. Lakini akishaingia kwa viza ya ndoa na kuanza kazi, kwenye maombi ya nyongeza mishahara yenu yote miwili inajumlishwa. Mchumba, kwa kuwa hafanyi kazi, anakosa msaada huo baada ya harusi. Hapo tena bei ya njia ya pili inapanda kimyakimya.

Hati za ndoa

Ndoa lazima iwe halali pale ilipofungwa. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya kidini, ya kimila na ya kiserikali. Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua za Kikristo, Kiislamu, Kihindu, kimila na kiserikali, na zote zinapaswa kusajiliwa. Nikahi au harusi ya kimila isiyo na cheti itawapa kazi kubwa, kwa hiyo malizeni usajili kabla ya kulipa ada ya viza. Kwa upande mwingine, nikahi inayofungwa ndani ya Uingereza bila ndoa ya kiserikali haihesabiki kisheria kule.

Ushahidi wa uhusiano ni pamoja na picha, tiketi za safari za kutembeleana na risiti za fedha mlizotumiana. Ujumbe wa simu wa Kiswahili ufasiriwe na mfasiri atakayeweka jina lake na uthibitisho wa kazi yake. Chagueni jumbe chache zinazoonyesha miaka tofauti, maana kila ukurasa una bei. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza katika chuo kikuu cha Kenya au Tanzania anaweza kuitumia badala ya mtihani, baada ya kuthibitishwa na shirika la Ecctis, na itamfaa hadi hatua ya mwisho.

Makosa ya tarehe yanayogharimu maelfu

Kosa la kwanza ni kuomba nyongeza mapema mno. Mwenye miezi 33 akiharakisha kuomba akiwa na miezi mingi mkononi, miezi 30 mipya inaweza kwisha kabla miaka 5 haijatimia. Hapo atalazimika kununua nyongeza ya pili: paundi 3,908.50 zaidi. Subiri siku 28 za mwisho za ruhusa yako.

Kosa la pili ni kuchelewa hata siku moja. Ukiomba kabla ya tarehe ya mwisho, ruhusa yako na haki ya kufanya kazi vinaendelea wakati unasubiri jibu. Ukiomba baada yake, umeshakuwa mtu aliyezidisha muda. Kazi inaweza kukatika na hesabu ya miaka 5 ikaingia doa.

Kosa la tatu ni kusafiri huku maombi ya ndani yakisubiri jibu. Ukitoka kwenda msibani Tanga, hata kwa siku 3, maombi yanahesabiwa kuwa umeyaondoa mwenyewe. Muda wa kawaida wa kusubiri ni wiki 8 kwa maombi ya ndani na wiki 12 kwa ya nje. Zungumzeni na familia mapema kuhusu miezi hiyo, ili ukitokea msiba au ugonjwa kila mtu awe anaelewa uamuzi mnaoufanya.

Maombi yakikataliwa, tozo ya afya inarudishwa. Ada ya maombi hairudi. Kwa hiyo tumieni fedha kidogo kwa mshauri aliyesajiliwa na mamlaka ya Uingereza ya ushauri wa uhamiaji, au wakili, akague faili kabla ya kulipa. Dalali anayewaahidi viza ya uhakika mwepukeni.

Ukiwa na mwenza Mjerumani

Kulinganisha kunasaidia kuona kwamba kila nchi inatoza kwa namna yake. Viza ya kumfuata mwenza Ujerumani ni yuro 75, na kibali cha kukaa baada ya kufika kwa kawaida hakizidi yuro 100. Hakuna tozo ya afya ya kulipwa mbele. Mwenza asiye na kipato anaweza kuingia bure kwenye bima ya lazima ya mwenzake. Anayemfuata raia wa Ujerumani kwa kawaida hapimwi kwa mshahara, na ukaazi wa kudumu anaweza kuupata baada ya miaka 3. Bei yake iko kwenye lugha: kwa kawaida lazima ufaulu Kijerumani cha A1 kabla ya kuondoka, na B1 kwa ukaazi wa kudumu. Masomo hayo yanapatikana Nairobi na Dar es Salaam, na yanataka miezi ya kukaa darasani. Uingereza inakula zaidi mfuko. Ujerumani inakula zaidi muda.

Ndoa ikivunjika, na uamuzi wa mwisho

Anayeshikilia viza ya mwenza yuko katika hali dhaifu, na hili linapaswa kusemwa wazi kabla ya safari. Ndoa ikivunjika, ruhusa yake inaweza kufupishwa hadi siku 60. Lakini sheria ina kinga: aliyenyanyaswa na mwenza wake aliye raia au mkaazi wa kudumu anaweza kuomba ruhusa ya miezi 3 yenye haki ya msaada wa serikali, na kuomba ukaazi wa kudumu mara moja. Aliyefiwa na mwenza naye ana njia yake ya kuomba ukaazi. Nywila ya akaunti ya uhamiaji, pasipoti na nakala za hati zikae mikononi mwa mwenye viza mwenyewe. Ndoa nzuri haipungukiwi kitu kwa hilo.

Baada ya ukaazi wa kudumu kuna uraia, paundi 1,735 zikijumuisha sherehe ya kiapo. Mkenya anaweza kuuchukua bila kupoteza wa kwao, tangu Katiba ya 2010. Mtanzania haruhusiwi uraia pacha, kwa hiyo kwake kuishia kwenye ukaazi wa kudumu ni chaguo halali kabisa, akikumbuka kwamba ukaazi huo hufutika akikaa nje ya Uingereza miaka 2 mfululizo.

Kwa wanaouliza tu waanzie wapi: kama mdhamini ana 29,000, oaneni nyumbani, sajilini ndoa, ombeni viza ya ndoa. Kama ni mfanyakazi mwenye ujuzi, tumieni njia ya mtegemezi mapema na mwekeze akiba kwa ajili ya miaka inayoweza kuongezwa. Kama mshahara haujafika, msilipe chochote bado. Mtembeleane kwa viza ya matembezi, mjenge miezi 6 ya slipu au ya akiba, kisha muombe mara moja na kwa faili lililokamilika. Kusubiri miezi 6 kunauma, lakini paundi 1,938 zilizokataliwa hazirudi, na kusubiri kunaanza upya.